Mbolea Kutoka Shirimatunda

Elirehema aliponipigia simu kuniambia kwamba Mama Mkubwa Elieshi amefariki, swali la kwanza lililonitoka mdomoni halikuwa la majonzi. Niliuliza, "Alikuwa na nani?" Akajibu, "Alikuwa peke yake, dada. Ameketi kwenye jiwe lake jioni, kama kawaida yake, akasinzia." Hapo ndipo nilipokaa chini nikalia. Mimi ni mtu wa kushuku, sikatai. Watoto wangu husema, mama, wewe hata ukiamkiwa shikamoo unatafuta kilicho nyuma yake. Ni kweli natafuta, na mara nyingi nakipata. Lakini sikuzaliwa hivyo. Nilifundishwa, na waliosomea ualimu hawakuhusika. Alinifundisha Mama Mkubwa, kule Masama, katika mwaka mmoja nilioishi kwake nikiwa msichana niliyemaliza darasa la saba bila kuchaguliwa, redio zikiimba kilimo cha kufa na kupona na mbolea ya dukani haionekani hata kwa dawa. Habari za kwetu na sababu za kupelekwa kule naziacha, hazimsaidii mtu. Nitasema ya mwaka ule tu.

Nyumba ya Mama Mkubwa ilikuwa na jiko la kando, la zamani, lenye moshi ulioganda darini, na nusu ya jiko hilo ilikuwa zizi. Kitanda changu kilikuwa upande wa huku wa mbao, ng'ombe upande wa kule. Nililala nikimsikia akicheua, pumzi yake ikipenya kwenye nyufa na kunipasha miguu joto. Ng'ombe mwenyewe hakuwa wetu. Kwetu si lazima ng'ombe awe wako ndipo umfuge. Mwenye mifugo mingi humpa ndugu au jirani amlishe. Mlishaji anakunywa maziwa na kuchukua samadi, mwenye mali anangoja ndama. Huyu alikuwa wa Mzee Aminieli, mdogo wake marehemu mume wa Mama Mkubwa, ambaye kihamba chake, shamba la migomba la ukoo, kilipakana na chetu. Asubuhi moja, sina hata wiki mbili pale, Mzee Aminieli alikuja akakataa kiti, akakataa na chai. Nikajua kuna jambo, kwa sababu mtu anayekataa chai Masama ama ni mgonjwa ama amekuja kwa shari. "Shemeji," akasema, "nimekuja kumchukua ng'ombe wangu." Mama Mkubwa alikuwa anamenya ndizi za mtori. Hakuinua macho. "Mchukue," akasema. "Kamba ni yangu." Akanyanyuka, akaifungua kamba shingoni mwa ng'ombe, akaitundika kwenye msumari wake, akarudi kwenye ndizi zake. Ikabidi Mzee Aminieli achane magome ya mgomba asokote kamba pale pale uani, mbele yangu, jasho linamtoka. Nilitamani kucheka nikaogopa.

Usiku wa kwanza bila ng'ombe ukimya ulininyima usingizi. Lakini Mama Mkubwa hakuyalilia maziwa. Alikuwa analilia samadi. Mgomba ni mlaji, usipoulisha mikungu inapungua, mwaka huu unapata wa kubeba kwa mkono mmoja, mwaka ujao wa kumpa mtoto abebe. Na yeye alikuwa mjane mwenye mabinti watupu, wote wameolewa mbali. Kihamba kikianza kuchakaa, ukoo una haki ya kukaa na kusema mama huyu ameshindwa, apewe mwanamume akitunze. Mwanamume mwenyewe alikuwa nani? Huhitaji kuuliza. "Hakuchukua ng'ombe," Mama Mkubwa aliniambia huku akikoroga mtori usio na tone la maziwa. "Amechukua kihamba, ila ameanzia mkiani." Kaburi la mumewe lilikuwa mle ndani, chini ya migomba, na yeye alikuwa ameshaniambia kwamba atalala ubavuni pake na si pengine popote.

Kati ya kihamba chetu na cha Mzee Aminieli palikuwa na mstari wa masale. Asiyetoka kwetu huyaona masale kama mti wa mapambo, wenye majani marefu ya kijani. Kwetu sale ni neno la mwisho. Limepandwa mpakani, ni hakimu. Limepandwa kaburini, ni ulinzi. Ukimkosea mtu ukamletea jani la sale, umekiri, naye haruhusiwi kukataa kulipokea hata kama ulimuulia mwana. Kung'oa masale ya mpakani ni laana, kuyaua ni wizi wa ardhi na laana pamoja. Hatua chache upande wa pili wa mstari huo, kwake, palikuwa na jiwe kubwa bapa, limezama ardhini, na kila jioni Mzee Aminieli alikuja kunoa panga lake juu yake akiwa ameelekea jiko letu. Shwaa, shwaa, shwaa. "Ananoa panga la nini, wakati hajakata kitu?" nikauliza. "Hanoi panga, mwanangu," Mama Mkubwa akasema. "Anatunoa masikio."

Ndipo Mama Mkubwa akaanza safari za Shirimatunda, kule chini karibu na Moshi mjini. Anashuka na wanawake wanaopeleka ndizi sokoni Moshi, anarudi na basi la mchana, na viroba juu ya keria. Hakunieleza kitu. Nilichokijua ni harufu. Siku moja nilikwenda kumpokea barabarani, utingo akavishusha viroba huku ameziba pua kwa kola ya shati. "Mama, umebeba maiti?" akauliza. "Ningekuwa nimebeba maiti ungenisaidia kulia," Mama Mkubwa akamjibu. "Shusha!" Kurudi kwenyewe alikuwa anarudi amechangamka, na khanga ameifunga vizuri. Akili yangu ya usichana ikaenda moja kwa moja ilikokwenda: nikaamua kuna mwanamume. Nikaomba nifuatane naye nimsaidie kubeba. Akanitazama kwa muda mrefu, akasema, "Twende. Macho yako yatapumzika."

Na kweli mwanamume alikuwepo. Aliitwa Yohana, mtu wa Singida, mfagiaji kwenye mradi wa kuku, mabanda marefu ya mabati yaliyojaa kuku weupe wa kizungu ambao mimi sikuwahi kuwaona kwa wingi ule. Kelele zao zilikuwa kama mvua juu ya bati. Kinyesi chao, kilichochanganyika na maranda ya mbao, Yohana alikuwa akikitupa kwenye shimo, na mtu aliyetaka kumpunguzia alikuwa rafiki yake. Tulijaza viroba, macho yananitiririka kwa ukali wa ile harufu. Kisha akatukaribisha chumbani kwake, chumba kimoja, kitanda na jiko la mafuta, akatupikia ugali wa mtama na mlenda. Mimi, mtoto wa ndizi, niliutazama mlenda kwa mashaka yote niliyokuwa nayo. Mama Mkubwa akautia mkono kama aliyezaliwa nao. Nikatoka kwenda kunawa, na nikiwa nje dirishani nikawasikia.

"Usiwe na haraka nayo, mama," Yohana alikuwa anasema. "Hii si samadi ya ng'ombe. Ina moto. Changanya na majani makavu, nyunyizia maji, igeuzegeuze. Ukitia mkono ndani usiungue, hapo imepoa, kapande. Ukiiweka mbichi inaua."

"Inaua nini?"

"Chochote."

Mlio wa sahani ukakoma. Nikafikiri wamenisikia. Kisha sauti ya Mama Mkubwa, taratibu, kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichokusudia kununua: "Hata mti mgumu?"

"Hata mti mgumu, mama."

Nilirudi ndani nikala mlenda wangu. Nilikuwa nimekwenda kuchunguza mapenzi, nikarudi na maneno hayo yananikaa kichwani kama mwiba wa samaki kooni.

Tulitengeneza lundo nyuma ya jiko. Tabaka la mavi ya kuku, tabaka la majani makavu ya mgomba, maji ya mfereji, tabaka tena. Kulipokucha lilikuwa linafuka mvuke kwenye baridi ya mlimani, na mimi sikulipenda hata kidogo, kitu kisicho na kuni kinafuka moshi wa nini? Mama Mkubwa alikuwa akitumbukiza mkono, anautoa upesi, anapuliza vidole. "Bado lina hasira," anasema, na tunaligeuza. Majirani nao hawakulala. Kule kwenye mfereji wa maji wanawake walikuwa wakininyamazia nikifika, kisha mmoja asiyejua kunyamaza akaniuliza kama ni kweli mama yangu ameleta dawa kutoka kwa Wanyiramba wa Singida. Mwingine akasema ndizi zilizolishwa mavi ya kuku ukizila utataga. Wakacheka wote, na mimi nikacheka, lakini nilibeba ndoo yangu moyo ukiniuma kwa ajili yake. Mtu anapambana asinyang'anywe nyumba, wao wanachekelea mayai!

Viroba vya mwisho hatukuviweka nyuma ya jiko. Mama Mkubwa alisema tuvipeleke chini, karibu na mpaka. "Nzi," akasema. "Sitaki nzi jikoni kwangu." Tukamimina lundo la pili pale, hatua chache kutoka kwenye masale, mbele ya lile jiwe la Mzee Aminieli kabisa. Nikaanza kubeba majani nilifunike. "Hilo liache," akasema. Nikauliza, na mvua ikinyesha? "Nasia," akaniita kwa jina langu, "nimesema liache." Jioni ile mlio wa kunoa haukusikika. Nilichungulia, nikamwona Mzee Aminieli amesimama juu ya jiwe lake, panga linaning'inia mkononi, anatazama lundo letu kama mtu anayetazama sahani ya jirani. Na kwa nini asitazame? Migomba yetu iliyopewa lile lundo lililopoa ilikuwa imeanza kuwa ya kijani kibichi cha kutisha, na mahindi chini yake yamenona kuliko ya mtu yeyote mtaani.

Jumapili iliyofuata Mzee Aminieli hakuonekana kanisani. Mkewe alisema mguu unamsumbua. Elirehema mwanawe, kijana wa rika langu, aliimba tenzi zote akitazama viatu vyake. Tuliporudi, lundo la mpakani lilikuwa limeliwa ubavu mzima, na alama za jembe zilipita katikati ya masale hadi upande wa pili. "Mama Mkubwa! Ametuibia!" nikasema. "Twende kwa balozi wa nyumba kumi sasa hivi!" Akanishika mkono. Hakuwa na hasira, nakumbuka hilo kuliko yote, uso wake ulikuwa mtulivu kama wa mtu aliyeshiba. "Mtu akila Jumapili, tumwache ashushe," akasema. "Kapike." Tulikula kiburu siku ile, ndizi na maharage yaliyopondwa pamoja, naye akaongeza sahani ya pili.

Mzee wa watu alifanya kile ambacho kila Mchagga angefanya. Maisha yake yote mbolea kwake ni samadi, na samadi unaipeleka kwenye shina la mgomba unaibana hadi shingoni. Akaibana. Iliyobaki akaificha asiibiwe naye: aliilundika upande wake, imeegemea mashina ya masale, akaifunika kwa majani. Haikupita muda, majani ya migomba yake yakaanza kuungua pembeni, rangi ya chai, kana kwamba moto umepita chini kwa chini. Kisha masale yenyewe yakanyong'onyea, yakalala, yakakauka, mstari mzima wa pale katikati. Nilipoyaona nikamkumbuka Yohana. Hata mti mgumu, mama.

Mzee Aminieli hakupoteza wakati. Aliita ukoo, akamwita na balozi wa nyumba kumi, Mzee Kundaeli, na alasiri moja wazee wakakaa uani kwetu kwenye mabenchi, kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, ikipita mkono kwa mkono. Mama Mkubwa aliketi kwenye kigoda, mimi nyuma yake. "Ndugu zangu," Mzee Aminieli akaanza, na sauti yake ilitetemeka kweli, sikuona unafiki. "Mke wa kaka yangu amekwenda kutafuta sumu mbali. Ameua migomba yangu. Hiyo ningemsamehe. Ameua masale! Mtu anayeua masale anataka nini? Anataka mpaka upotee, aje kunisogelea. Mimi nasema kihamba cha kaka yangu kirudi mikononi mwa ukoo kabla huyu hajatumaliza." Wazee wakaguna. Niliona vichwa viwili vitatu vikikubali. Nilikuwa nimeishika khanga ya Mama Mkubwa kwa nyuma, na niliogopa, nawaambia kweli, niliogopa kwamba kesho tutafunga mizigo.

Mzee Kundaeli akamuuliza ana la kusema. "Sina," Mama Mkubwa akajibu. "Naomba twende tukaone."

Tukashuka. Alipofika kwenye migomba ya shemeji yake akasimama, akawaacha wazee watangulie. Mzee Kundaeli akachokonoa shina la kwanza kwa fimbo yake. Yakatoka maranda, na manyoya. Shina la pili, manyoya. Akainama akaokota moja, jeupe pe, akaliinua. "Aminieli, haya ni ya nini?"

"Ya kuku, mzee."

"Kuku wa nani? Hapa kwetu nani anafuga kuku weupe?"

"Labda ni upepo," Mzee Aminieli akasema.

"Upepo," Mzee Kundaeli akarudia. "Ukayaleta, ukayafukia, ukayabana na jembe?" Mtu mmoja akacheka, wakacheka wengine, na hapo kesi ikaisha. Walipofunua lile lundo lililoegemea masale, mvuke ukawapanda usoni, wakarudi nyuma wakikohoa. Hakuna aliyehitaji kuuliza tena ni nani aliyeyaua.

Wazee wakaamua mawili: ng'ombe arudi, na Aminieli aombe msamaha kwa sale. Lakini sale lipi? Ya mpakani yamekufa. Yaliyokuwa hai karibu ni yale ya kaburini kwa kaka yake, na kaburi liko kihambani kwa Mama Mkubwa. Mtu mzima yule, mwenye mvi, akasimama mbele yetu sote akamwomba mwanamke ambaye yeye alitaka kumfukuza ampe jani la kumwombea radhi yeye mwenyewe. Mama Mkubwa alikwenda kaburini, akakata jani, akampa. Mzee Aminieli akalifunga fundo, akamrudishia kwa mikono miwili. "Nimepokea, shemeji," Mama Mkubwa akasema. "Na ng'ombe mlete. Kamba ipo pale pale." Nilimpenda mwanamke yule siku ile kuliko mtu yeyote duniani, na nilimwogopa vilevile.

Masale mapya yalipandwa wiki ileile. Mzee Aminieli kwa aibu hakuja, alimtuma Elirehema akachimbe mashimo. Mimi sikuwepo. Asubuhi hiyohiyo Mama Mkubwa alinituma Shirimatunda, peke yangu kwa mara ya kwanza, nikamchukulie kiroba kimoja cha mbolea ambacho hakikuwa na haraka yoyote. Mwaka ulipoisha nikaenda kujifunza cherehani mjini, nikaolewa, na kila nilipomtembelea tulikaa sebuleni. Kule chini mpakani sikufika tena, mwanzoni kwa sababu ya watoto mgongoni, baadaye kwa sababu ya magoti.

Basi tumemzika juzi, ubavuni pa mumewe kama alivyotaka, na kihamba hakikumtoka mkononi hadi alipolala ndani yake. Udongo uliotoka kaburini ulikuwa mweusi, unamomonyoka vidoleni, vijana waliochimba wenyewe wakawa wanausifu. Nilikuwa nimekaa karibu nao nikiomboleza kimya kimya niliposikia: shwaa, shwaa, shwaa. Nikageuka, nikamwona kijana mmoja ananoa panga kwenye jiwe kubwa bapa. Lile lile. Jiwe halitembei. Nikatafuta masale kwa macho, nikayaona, yamezeeka na kunenepa, mstari mzuri mnyoofu. Yako upande wa kule wa jiwe. Jiwe liko kwetu.

Elirehema alikuwa ameketi juu yake upande mmoja, mzee sasa, na fimbo kati ya magoti. Nilimfuata. "Elirehema, mashimo ya masale haya ulichimba wewe."

"Nilichimba mimi, dada."

"Nani alikuonyesha pa kuchimba?"

"Mama Mkubwa."

"Na baba yako hakusema kitu?"

"Angesema nini?" akajibu polepole. "Na angesema mbele ya nani?"

"Na wewe?"

Aliwatazama vijana wakishusha udongo. "Mimi nilijua baba alitaka kumfanya nini. Alichochukua yeye ni jiwe na hatua chache. Nikachimba."

Kumbe mzee yule, mwizi wa mbolea, alisema kweli uani pale, na sote tulimcheka. Mama Mkubwa aliutaka mpaka. Aliungoja upoe, ndipo akapanda. Nilisimama pale sijui nicheke au nilie, nikafanya yote. Kisha nikamwomba yule kijana panga lake, nikakata jani moja la sale kwenye ule mstari, nikalifunga fundo kama nilivyomwona Mzee Aminieli akilifunga, nikamnyooshea Elirehema kwa mikono miwili. Sikusema ni la nani wala la nini. Akalitazama, akanitazama, akaweka fimbo chini ili apate mikono yote miwili.

"Nimepokea," akasema. "Kwa niaba ya baba."

Akalitia mfukoni mwa koti, akasogea kidogo juu ya jiwe, akanipisha nikae.